Fukusi wa Jumamosi na Fukusi wa Jumapili

Jumatatu, 3 Februari 2025

Hujambo, shajara yangu? Habari za huko kwenye mtoto wa meza, chini ya kitabu cha nyimbo? Natumaini panya hawajakugusa. Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila goti la kushoto tu.

Kubwa la leo ni Kindness, binti wa marehemu kaka yangu. Anasomea udaktari. Si wa sindano, wa hisabati. Nilimwahidi kaka, akiwa kitandani, kwamba huyu mtoto atavaa joho. Sasa chuo kimesema hakuna joho mpaka makala yake ikubaliwe na jarida la nje, la hisabati ya viumbe. Mwisho Septemba. Ikipita hapo, nafasi yake ya kufundisha anapewa mwingine.

Makala ni ya fukusi wa migomba. Wale wadudu weusi wenye pua ndefu, wanaotoboa mgomba mpaka unalala chini wenyewe. Kindness anataka kujua wanavyohama kutoka kihamba hadi kihamba, yaani haya mashamba yetu ya nyumbani. Amechagua changu na cha jirani yangu Aristides, ng'ambo ya mfongo, huu mfereji wetu wa maji. Amepasua mashina ya migomba akayalaza chini yawe mitego. Kila fukusi anapakwa nukta ya rangi ya kucha mgongoni. Wangu nyekundu, wa Aristides nyeupe. Mke wangu Magdalena amesema ndiyo rangi ya kucha ya kwanza kuingia nyumba hii, na wanaopakwa ni fukusi.

Aristides! Picha yake iko kwenye kalenda ya chama cha wakulima, amekumbatia mkungu kama mtoto wa ubatizo. Kalenda hiyo iko kwa kila kinyozi wa Kiboriloni. Siku hizi nanyolewa nyumbani.

Jumamosi, 8 Februari

Aibu! Kindness amehesabu. Kihamba changu kina fukusi wengi, cha Aristides wachache. Na jedwali lake litasomwa Ulaya! Mzee wa kanisa mzima, na kihamba kichafu mbele ya mataifa.

Nikaingia chumbani kuomba. Kabla ya amina wazo likaja. Sisemi limetoka kwa nani, ila lilikuja haraka.

Jumamosi Aristides na mkewe Hilaria wako kwenye sala za jumuiya. Nikachukua kopo la sukari la Magdalena, nikakusanya fukusi wangu, nikavuka mfongo, nikawamimina kwenye mitego yake. Goti halikuuma hata kidogo! Hiyo ni ishara.

Sikuiba. Mwizi huchukua. Mimi nimetoa.

Jumapili, 16 Februari

Ajabu. Jana nimepunguza tena, leo kwangu wameongezeka! Na wengi wana nukta nyeupe.

Haya nimeyaona niliporudi ibadani. Tulichelewa, maana mnada wa sadaka za mavuno ulikuwa mrefu: mzee mwenzangu Basili na mwalimu wa kwaya waligombania jogoo mmoja mpaka jogoo mwenyewe akachoka. Nikamkuta Aristides amesimama karibu na mpaka. Yeye husali misa ya kwanza, saa hizo ameshakula na kupumzika. Alinisalimu kwa uchangamfu mno. Akaniuliza na hali ya goti. Mtu mwema sana siku hizi. Labda kalenda imeanza kumtoka kichwani.

Kindness amefurahi. Anasema fukusi wa Old Moshi wanatembea kuliko vitabu vinavyosema. Nikamwambia hewa ya mlimani ni nzuri.

Alhamisi, 10 Aprili

Leo tumetuma! Nasema "tumetuma" kwa sababu nilishika chaja isichomoke.

Kompyuta iliuliza majina ya watu wanaofaa kuisoma na kuipima makala. Nikamtajia Kindness mchungaji wetu na katibu wa chama cha wakulima. Akasema, baba mdogo, hawa hawajui hisabati. Nikamwambia ndiyo maana nimewachagua, watayaona wapi makosa? Akakataa, kwa adabu.

Pigo likaja kwenye shukrani za mwisho. Ameandika Aristides kwanza, kisha mimi. Eti ni kwa alfabeti. Nikashauri tufuate tarehe ya ubatizo. Akasema jarida halina utaratibu huo. Jarida gani hilo!

Niliomba kabla hajabonyeza. Niliomba kwa urefu. Nilipofumbua macho alikuwa ameshabonyeza, na Magdalena akaniuliza kama na amina yangu imeenda au itafuata na posta.

Jumanne, 17 Juni

Majibu yamekuja. 

Wasomaji walikuwa wawili. Wa kwanza amesifu. Wa pili ana macho, Mungu amhurumie. Ameuliza: mbona fukusi wekundu huvuka mfereji Jumamosi tu, na weupe Jumapili tu? Fukusi haogelei. Kuruka haruki kitu. Kalenda hana. Bila maelezo ya kuridhisha, makala haitakubaliwa.

Magdalena akasema basi wekundu ni Wasabato.

Hakuna aliyecheka. Kindness aliikunja ile karatasi akaenda kusimama kwenye migomba, kama baba yake alivyokuwa akisimama. Mtori wake ukapoa mezani. Mimi wangu nilimaliza, lakini bila raha.

Alhamisi, 19 Juni

Nimeokoa jahazi! Fukusi haogelei, sawa. Lakini akipata daraja?

Nimekata gogo la mgrevilea nikalilaza juu ya mfongo, pale pale karibu na mitego. Nikalipaka matope lionekane la zamani. Nikamwita Kindness, nikamwambia tazama, mwanangu, kumbe hapa daima pamekuwa na gogo! Akaliangalia. Akaangalia shoka langu. Akaangalia suruali yangu. Akaniuliza taratibu, baba mdogo, na Jumamosi walijuaje kwamba ni Jumamosi?

Nikasema labda wanasikia kengele. Akaondoka.

Jioni gogo likatumbukia mfongoni likauziba, maji yakafurika kwenye kahawa ya Aristides. Hakulalamika. Hilo likanitia wasiwasi kuliko mafuriko.

Jumamosi, 21 Juni

Siku ya siku!

Asubuhi tuko uani, Kindness na kompyuta yake, Magdalena anachambua maharage. Anaingia Aristides, amevaa koti la misa, mkononi jani la isale. Shajara, wewe unajua: mtu akikukosea akaja na isale, huwezi kumkatalia msamaha. Hata ungekuwa na hasira ya miaka.

Akapiga magoti mbele ya Kindness, mtu mzima yule! Akasema, binti yangu, nimesikia makala yako imekwama, na kosa ni langu: kila Jumapili, huyu Jesse akiwa kanisani kwenye mnada wao usioisha, nilikuwa nabeba fukusi wangu nawaleta kwake. Nilichoka kuambiwa kihamba changu kimejaa ghafla. Mimi ni mtu wa kalenda.

Mnafiki! Na goti langu alikuwa analiulizia!

Lakini nikakumbuka mimi ni mzee wa kanisa. Nikasimama, nikamwinua, nikamwambia nimekusamehe, jirani, kwa moyo mweupe. Nilisema vizuri sana. Karibu nilie.

Ndipo Kindness akauliza: na wale wekundu wa Jumamosi?

Kuku waliacha kuchakura. Aristides akasema wekundu aliwakuta tu kwake, akadhani Kindness ndiye kawaweka. Magdalena akanyanyuka, akaingia jikoni, akatoka na kopo lake la sukari. Akaligeuza. Akadondoka fukusi mkavu mwenye nukta nyekundu. Akanigeukia akasema, Baba Denis, na mimi miezi yote hii nawalaumu sisimizi.

Nikafumba macho kama anayesali. 

Kindness alifunika uso kwa mikono. Mabega yakawa yanatikisika. Hapo, shajara, nisikufiche, nilimwona kaka kitandani, na ahadi yangu imesimama pembeni yake kama mgeni asiyekaribishwa. Nikasema, mwanangu, nipige hata na mwiko.

Akafunua uso. Anacheka! Analia na anacheka. Akasema, kaeni chini wote wawili. Kila mmoja aniambie alibeba wangapi, siku zipi, na kwa nini. Tukasema yote. Aristides alisema zaidi, Wakatoliki wamezoea kitubio. Kindness anaandika tu, vidole vinakimbia. Akasema kumbe kilichokosekana kwenye mlinganyo wake si mdudu. Ni jirani.

Jumatatu, 23 Juni

Ameandika makala upya. Ameeleza kila kitu: kopo, mnada, jumuiya. Anasema ukweli ndio utakaotuvusha. Nami naupenda ukweli, ila niliona ungevuka vizuri zaidi ukisindikizwa.

Kindness alipokwenda kumsaidia Magdalena kukamua, kompyuta ilikuwa wazi kwenye ukurasa wa kuweka picha. Ile isale ya Aristides bado ilikuwa imechomekwa ukutani. Nikaipiga picha kwa simu, nikaipachika nyuma ya michoro yake yote. Mchoro wa mwisho. Yule msomaji wa pili ameletewa isale! Atakataaje?

Kindness akarudi, akabonyeza, ikaenda. Safari hii amina yangu iliwahi.

Ijumaa, 29 Agosti

IMEKUBALIWA! Haleluya!

Kindness alikuja akikimbia kutoka barabarani, viatu mkononi. Joho lipo! Kazi ipo! Magdalena akapiga vigelegele mpaka Hilaria akajibu kutoka ng'ambo bila kujua ni vya nini. Mimi nilikwenda nyuma ya zizi, nikamwambia kaka kwa Kichagga kwamba mtoto amefika. Ng'ombe alinitazama akaheshimu.

Msomaji wa pili ameandika kwamba hajawahi kusoma maelezo ya kweli namna hii kuhusu wakulima. Chini mhariri ameuliza swali moja tu: mchoro wa mwisho, lile jani zuri, ni la nini? Waandike maelezo yake, libaki.

Kindness akageuka kunitazama polepole. Jani gani, baba mdogo? Nikamweleza. Akakaa chini. Akasema ningeweza kumharibia kila kitu. Nikasema, lakini je, walikataa?

Akarudi kwenye kompyuta yake. Hisabati ina mipaka yake.

Na bado! Kila jirani amepewa namba yake kwenye mlinganyo, ya nguvu ya kuhamisha fukusi. Aristides amepata sifuri nukta tano. Mimi, sifuri nukta nane! Magdalena anasema hiyo ni namba ya ubaya. Namba ni namba. Nimemshinda mtu wa kalenda, na imepimwa na Ulaya.

Jumapili, 31 Agosti

Mchungaji alitangaza. Usharika wote ulisimama. Kindness alishukuru kwa sauti ndogo, akamtaja baba yake, akina mama wakafuta macho.

Nami nikaona si vibaya kuufafanua mlinganyo. Nikapita mbele. Nilieleza sifuri nukta nane vizuri, nikarudia kwa walioko nje. Mchungaji akaniambia sikioni kwamba mnada unasubiri. Nikaeleza kwa kifupi tena. Wakapiga makofi mengi, hasa niliposhuka.

Kwenye mnada nilimnunulia Kindness mkungu wa ndizi mshare, mkubwa kuliko ule wa kalenda. Nimempeleka Aristides aupime kwa macho. Akasema hongera, kisha akasema: lakini jani ni langu. Umeona maelezo aliyoandika Kindness? "Isale kutoka kihamba cha pili." Cha pili ni mimi.

Nimelala bila kula.

Jumatatu, 1 Septemba

Nimeamka na nguvu mpya. Kindness anaanza utafiti mwingine: nyuki na maparachichi. Mizinga miwili kwangu, miwili kwa Aristides. Nyuki nao watapakwa rangi. Magdalena amelifungia kopo la sukari kabatini na ufunguo uko shingoni kwake. Nimepata la chumvi. Nyuki si mkubwa kuliko fukusi, sioni ugumu. Jumamosi naanza.

Na barua nimeandika mwenyewe, nainakili hapa:

Mpendwa Mhariri, Bwana asifiwe. Habari za huko, za familia na za mifugo? Mimi ndiye sifuri nukta nane. Nashukuru kwa kutusamehe. Nina marekebisho madogo kuhusu jani. Ni kweli liliota kwa jirani, lakini lingebaki huko bila mkono wangu. Nakuletea ndani ya bahasha hii jani la kwangu, pana zaidi, ulipige picha uweke badala ya lile. Likikauka njiani, lilowekwe. Msalimie sana msomaji wa pili, mwambie karibu Old Moshi, mtori upo. Asubuhi nimemwona Aristides akinunua bahasha Kiboriloni, kwa hiyo tafadhali nijibu mapema.