Pacemaker wa Kapsoya

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi kwa Rael, daktari wangu wa viungo. Amekibonyeza kifundo cha mguu, akauliza kama kinauma. Nikasema hapana. Machozi yakasema ndiyo.

Ruhusa ya kukimbia nimepata! Lakini ni ruhusa ya kinyonge: polepole, njia fupi, na nisishindane na mtu yeyote. Mimi, mkazi wa Eldoret, nisishindane! Hapa hata akina mama wenye magunia ya kabichi hunipita, nami bado hukazana nao.

Mtaa mzima wa Kapsoya unajua niliumia mazoezini. Kwamba nilianguka kutoka kwenye kiti nikipigwa picha nimevaa jezi mpya, hilo ni jambo la familia.

Jumanne, 4 Machi

Mambo yameharibika. Mama Jepkosgei, mwalimu mstaafu na nahodha wa timu ya kanisa letu, ametangaza mbio za majaribio Jumamosi. Atachagua watu wanne wa kwenda Timboroa kupokezana kijiti. Tangu timu ianze, mmoja wa hao wanne ni mimi. Sasa Shitanda anaitaka nafasi yangu. Shitanda! Muuza viatu vya mitumba kule Langas, mtu anayechelewa hata mazishi. Ameniuliza kama nitamwazima jezi, kwa kuwa sitaihitaji.

Mbele yake nilicheka. Nyumbani sikucheka. Kazini naitwa karani tu. Kwenye timu naitwa Wabuge.

Jumatano, 5 Machi

Wazo! Limenijia nikipiga mswaki.

Pacemaker hashindani na mtu. Anawaongoza wenzake mpaka mahali fulani, kisha anatoka kando na heshima zake zote. Hakuna anayemwita mwoga. Hapa kwetu hiyo ni kazi kamili! Rael mwenyewe hana la kupinga, na nahodha ataniona mbele ya kila mtu.

Nikaenda kujitolea. Nitaongoza hadi pale kwa transfoma, kisha nitoke. Mama Jepkosgei akasema ni sawa, ila nisikimbie kama nimeiba kuku. Nikaomba neno moja zaidi: wengine wasiambiwe kwamba nitatoka. Wajue tu Wabuge yuko mbele. Aliniangalia kwa macho ya mwalimu anayesahihisha insha mbovu. Akakubali.

Mke wangu, Joy, amesema mficha maradhi kifo humuumbua. Nikamjibu kwamba hajui michezo.

Ijumaa, 7 Machi

Sheria imetangazwa baada ya maombi. Njia ni mpya, kwa hivyo kila mtu amfuate pacemaker. Atakayempita ameondolewa. Nilijisikia mkubwa kama diwani. Nikampa Shitanda pole, ya uongo.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika mguu ukiwa ndani ya karai la maji baridi.

Muda wa kuanza ulifika, Shitanda hayupo. Anayechelewa huachwa, ndiyo desturi ya wakimbiaji wa hapa. Roho yangu iliimba! Nikaongoza, kifua mbele, kundi zima nyuma yangu. Raha hiyo haikufika mbali. Kifundo kilianza kulalamika, na tulipokaribia transfoma sikuwa nakimbia tena, nilikuwa nachechemea kwa kasi.

Nikatoka kando. Pale kuna kichochoro cha kwenda hoteli ya Kageha, nami nilitaka kiti tu, na chai. Nikasikia vishindo. Nikageuka. Timu nzima!

Nikawapungia mkono warudi barabarani. Wakadhani nawaambia waongeze mwendo. Wakaongeza. Nikaogopa kukanyagwa, nami nikaongeza. Tukaingia hotelini kwa mwendo wa ajabu, tukapita katikati ya meza, tukatokea jikoni. Mmoja alikanyaga unga wa chapati. Kageha aliuliza kama tunafukuzwa na polisi. Mwimbaji mmoja wa kwaya akauliza, akihema, kama hapo ndipo pa kugeukia.

Ikabidi niseme kwamba nilikuwa nimemaliza kazi yangu tangu kwa transfoma. Halafu yakatoka maneno ambayo sikujua wanakwaya wanayajua.

Wakati huo Shitanda, aliyechelewa, alikuwa anakimbia peke yake bila mtu wa kumpotosha. Alifuata alama za chokaa zilizochorwa njiani, ambazo sisi hatukujisumbua kuzitazama. Akamaliza wa kwanza. Kwa muda mrefu alikuwa pia wa mwisho, maana hakuna mwingine aliyefika.

Jumapili, 9 Machi

Majina yamesomwa kanisani. Shitanda yumo. Mimi nimepewa kazi ya kulinda masweta. Niliumia sana, na sizungumzii kifundo. Nusura nilie mbele ya watoto wa Sunday school.

Baada ya ibada Shitanda alikuja kunisalimia kwa mikono miwili. Akasema pole bro, bila wewe singepata hiyo nafasi. Hakuwa ananicheka, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Kisha akaniambia anaogopa ile miteremko ya Timboroa, akauliza kama ningeweza kumfundisha, maana hakuna anayeijua kama mimi.

Hakuna anayeijua kama mimi! Nikamsamehe palepale.

Jioni Rael akapiga simu. Alikuwa ameshasikia, mji wetu hauna siri. Ameniamuru nisikimbie mwezi mzima. Nimemwapia kwamba sitakimbia hata hatua moja. Kesho asubuhi nampeleka Shitanda mlimani, nimwonyeshe mwenyewe namna ya kuteremka. Kuteremka si kukimbia. Mlima ndio unaokusukuma.