Nimetafutwa Kama Mtoro, Kumbe Niko Bandani

Leo nimeaibika, tena mbele ya watoto wa miaka minne. Naandika hapa nikiwa bado nanuka kuku.

Mnanijua. Zaidi ya miaka ishirini nimezunguka: Mererani, Tunduma, Mtwara. Kote nimefanya kazi na kote nimeondoka bila kuaga. (Tunduma niliaga. Hawakuamini.) Mwaka huu nimerudi Babati nitulie. Nimegundua napenda watoto wadogo. Hao hawakuulizi siku zote ulikuwa wapi.

Dada yangu, Mama Doreen, akanipeleka kwenye kituo kimoja cha kulelea watoto, Nangara. Mkuu wa kituo wanamwita Madam. Akasoma cheti changu cha kidato cha nne mbele, akakigeuza akasoma na nyuma.

"Kama hujasomea ualimu, nafasi ni hizi: msaidizi wa darasa, mpishi wa uji, mlinzi wa geti, au kusindikiza watoto kwenye gari."

"Msaidizi wa darasa."

Akanitazama kana kwamba nimeomba uwaziri. "Mwanaume?"

Dada akadakia. "Madam, mjaribu siku moja tu. Namdhamini mimi. Safari hii haondoki."

Siku yenyewe ndiyo leo. Simu nikaiacha ofisini, ndiyo sheria yao. Nimefunga kamba za viatu vya watu kumi na tisa. Nimefuta makamasi. Nimeimba! Hayo yote hakuna aliyekuja kuyatazama.

Saa nne kasoro Madam akasema, "Wachezeshe nje kidogo." Nikawafundisha kombolela, ule mchezo wetu wa kujificha. Zamani, utotoni kule Mutuka, nilikuwa naingia kwenye ghala la mahindi, natafutwa mpaka jua linazama. Binti mmoja, Happy, akaegemea ukuta akahesabu moja, mbili, tano, kumi. Wenzake wakajificha nyuma ya miti myembamba kuliko wao. Mimi nikatambaa nikaingia banda la kuku la kituo, nikatulia.

Kengele ikalia. Nikadhani ni ya shule ya msingi ya jirani. Kumbe ni ya uji! Happy na wenzake wote wakakimbilia vikombe. Mimi niko bandani, jogoo ananikagua, najisifu moyoni kwamba bado sijapoteza kipaji.

Baadaye sana nikasikia Madam nje. "Mwalimu Bura yuko wapi?"

"Amejifichaaa!" wakajibu kwa pamoja.

"Mtu mzima ajifiche wapi? Semeni ukweli."

Ukweli gani tena jamani? Watoto kumi na tisa wametoa ushahidi mmoja!

Nikataka kutoka. Nilivyoingia kichwa kwanza sijui, maana kutoka mkanda ulinasa kwenye waya wa mlango. Nikaona aibu kuita. Nikasema nitajinasua kimyakimya. (Hapo ndipo nilipokosea, najua, msiniambie.) Navuta huku, kuku wanapiga kelele huku, ndipo nikasikia bodaboda ikisimama getini na sauti ninayoijua tangu kuzaliwa. Kumbe Madam alishampigia simu mdhamini wangu.

"Ameondoka? Nilijua! Huyu atakuwa stendi, Madam! Na simu kaacha ili asipatikane. Safari hii mimi sina ndugu!"

Hapo nikashindwa kuvumilia. Nimetoka jasho tangu asubuhi, halafu naitwa mtoro nikiwa kazini?

"Dada, sijaondoka!"

Watu wote wakageukia banda. Kichwa changu kiko nje, kiuno kiko ndani, nyoya limeganda kwenye ndevu. Happy akaja na kikombe chake cha uji, akainama, akaniangalia usoni.

"Shikamoo Mwalimu. Nimekuona."

"Marahaba," nikajibu.

Madam alicheka mpaka akakaa chini. Dada hakucheka. Alikata ule waya kwa koleo, akanipangusa nyoya, akasema polepole, "Kwa hiyo ulikuwepo." Akajifuta macho kwa pembe ya kanga, akaniambia ni vumbi la kuku.

Kazi nimepata. Si ya darasani. "Utapika uji," Madam amesema. "Jiko lina dirisha kubwa. Nitakuwa nakuona."

Naanza kesho saa kumi na mbili asubuhi. Na wewe unayecheka hapo, kama mwanao yuko kituo kile, kumbuka uji wake naukoroga mimi.