Kiti cha Mbele cha Basi Namba Tisa

Jumatatu, 3 Juni

Kikao cha Chama cha Wapenzi wa Mabasi, dukani kwa kinyozi. Ndiye mwenyekiti wetu, kwa sababu viti ni vyake. Tulihudhuria sita, mmoja akiwa na povu kidevuni mwanzo hadi mwisho. Ajenda ya kwanza: basi namba 22 kugusa nguzo ya taa mbele ya posta jana. Ni ajali au ni mkwaruzo? Daktari wa meno akasema ajali. Nikasema mkwaruzo. Tulibishana saa nzima. Kura tano kwa moja. Nimeonewa!

Ajenda ya pili ikanikata pumzi. Basi namba 9 linastaafu Jumamosi! Ofisi ya mabasi imetupatia kiti kimoja katika safari yake ya mwisho, tena kiti cha mbele, ubavuni mwa dereva. Nimelipanda 9 nikienda shule, nikienda kazini, na siku niliyokwenda kujitambulisha ukweni. Kiti hicho ni changu, hakuna mjadala.

Kumbe upo. Mwenyekiti kasema kitakwenda kwa mwanachama atakayeshuhudia mabasi mengi zaidi yakiharibika au kupata ajali kufikia Ijumaa jioni. Kanuni ni zilezile: picha, saa, namba ya basi. Akiumia mtu, daftari linafungwa na hakuna anayehesabu. Na basi likisimama chini ya dakika kumi halijaharibika. Limepumzika.

Jumanne, 4 Juni

Nimefunga duka langu la kushona mapazia. Mke wangu nimemwambia nakwenda kupima madirisha ya hoteli. Nikapanda 27, basi bovu kuliko yote mjini, mlimani kwenda na kurudi, mara sita. Limepanda kama mbuzi! Sijawahi kuona basi lenye afya kiasi kile. Dereva akaniuliza kama nimepotea.

Jioni nasikia daktari wa meno kashapata moja bila hata kuinuka. Kliniki yake iko juu ya kituo cha mabasi. Anachungulia dirishani huku mgonjwa kaachama. Huo si ushabiki, ni uvivu.

Jumatano, 5 Juni

Leo, 31 limezimika nikiwa ndani! Mkanda wa feni. Abiria wote walilalamika, mimi nikapiga makofi. Mama mmoja aliyepakata keki ya harusi akanitazama, nikatamani ardhi ipasuke. Dakika ya tisa na nusu dereva akaliwasha. Nilishuka kumwomba avute subira kidogo tu. Akanifungia mlango, akaondoka. Nimerudi kwa miguu.

Mwenyekiti: limepumzika. Daktari: mawili. Mimi: patupu.

Alhamisi, 6 Juni

Mama mkwe, anayekaa nasi tangu mwezi uliopita, alikuwa na miadi ya kupimwa miwani. Nikajitolea kumsindikiza. Mke wangu akasema siku hizi nimekuwa mtu. Nikamshauri mama tungoje 27 la saa saba, jua likiwa la utosi. Akauliza mbona 12 linapita mlangoni kabisa. Nikamwambia 27 lina hewa nzuri.

Mlimani likachemsha! Mvuke hadi madirishani! Nikaanza kuhesabu. Dereva, mtu wa kazi kwelikweli, akangoja kidogo, akafungua kifuniko cha rejeta kwa kitambaa, akakiweka juu ya bampa, akamimina maji. Dakika ya nane akawa amemaliza. Ya nane! Zilibaki mbili tu. Kifuniko kikaingia mfukoni mwangu, sijui hata kiliingiaje.

Wakakitafuta hadi chini ya matairi. Nilikitafuta kuliko wote. Dakika ya kumi ilipotimu nikasogea mbele ya basi, nikakitoa kifuniko tayari kukirudisha, na kwa mkono wa pili nikapiga picha. Nikaituma kwa mwenyekiti papo hapo. Moja! Kwa furaha nikarukaruka, kifuniko kikaniponyoka, kikabingirika mtaroni, kikaenda na maji.

Tulikaa pale saa mbili. Miadi ya miwani imepita. Mama mkwe alikaa juu ya jiwe na mwavuli wake, akipigapiga picha kwa simu yake na kuandika nyuma ya kadi ya kliniki. Nilijua ananiandikia mashtaka.

Ijumaa, 7 Juni

Aibu. Mwenyekiti aliikuza picha yangu mbele ya wanachama wote. Kwenye kioo cha mbele cha basi anaonekana mtu wazi kabisa: mimi, simu mkono huu, kifuniko mkono ule. Nimejipiga picha mwenyewe! Mwenyekiti akasema chama kinashuhudia mabasi mabovu, hakiyatengenezi. Nimesimamishwa miezi mitatu.

Hapo akaingia mama mkwe. Alikuwa amekuja kulalamika, lakini kwanza akatoa ile kadi. Saa saba na ishirini, 27, kuchemsha. Saa nane kasoro kumi, 18, pancha. Saa nane na nusu, 40, gia imekwama. Matatu, na daktari bado ana mawili! Picha zimelala upande, ila namba zinasomeka. Amesema hakuwa na kingine cha kufanya pale juu ya jiwe. Mwenyekiti akamwandikisha uanachama palepale na kuyapokea yote, hata 27, maana si yeye aliyeficha kifuniko.

Daktari wa meno akaruka. Akahoji mtu aliyekuwa anakwenda kupimwa miwani ni shahidi wa namna gani. Nikamuunga mkono, kwa mara ya kwanza maishani. Mama mkwe akamwambia taratibu kwamba ya karibu ndiyo yanamsumbua. Ya mbali anaona vizuri, hata hicho kipande cha mboga kwenye jino lake la mbele anakiona kutoka mlangoni.

Daktari akakimbilia kioo cha kinyozi. Kiti kimekwenda.

Jumamosi, 8 Juni

Nilisimama kando ya barabara na wengine. 9 likapita limeoshwa, limefungwa maua, injini ileile ninayoijua nikiwa nimefumba macho. Mama mkwe alikaa mbele kama bibi harusi, akipungia watu. Aliponiona akamgusa dereva begani, dereva akanipigia honi. Nimelia. Siandiki zaidi. Nilikipenda kile kiti, na nimekipoteza kwa mikono yangu.

Jumapili, 9 Juni

Nimewaza usiku kucha na kosa nimeliona: mabasi. Yana madereva, yana abiria, yana vioo. Nimeachana nayo kabisa. Asubuhi nimeanzisha Chama cha Wapenzi wa Lifti. Mwenyekiti ni mimi. Ile ya jengo la bima husimama katikati ya ghorofa ya sita na ya saba mara mbili kwa wiki, na hakuna mtu mjini anayeweka kumbukumbu zake! Hakuna!

Mke wangu kafurahi mno kusikia nimeacha mambo ya mabasi. Nimemwalika kesho asubuhi tukatazame mji kutoka ghorofa ya tisa. Ameuliza kama tunaweza kupanda kwa ngazi, anyooshe miguu. Nimemwambia ngazi zinapakwa rangi.