Mkwe Wangu Kapewa Alama za Chini

Kata ya Nyamahanga,
Biharamulo.

Kwa Mratibu,
Mradi wa Kijana Jitolee,
Biharamulo.

YAH: KUMSHUSHIA HADHI MKWE WANGU MHOJA KWENYE TATHMINI

Ndugu Mratibu,

Pokea salamu kutoka nyumba ambayo haina amani tangu barua yako ilipofika. Mimi ni Bonaventura, yule mzee mwenye mgongo mbovu ambaye ofisi yako ilimletea kijana wa kumsaidia shamba. Barua yako inasema tathmini imekamilika, kwamba kijana Mhoja amepata alama za chini kabisa kwa sababu ana uhusiano mbaya na familia, na kwamba wiki ijayo anaondolewa kwangu apelekwe wilaya ya Ngara akaanze upya. Niliisoma, nikafuta miwani, nikaisoma tena. Kisha nililia, wala sioni aibu kuandika hivyo.

Mmekosea, Ndugu Mratibu. Kwa heshima zote, mmekosea vibaya sana, na malalamiko yangu ni haya:

1. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alifika siku ya kwanza na jembe lake begani. Alinieleza kwamba amemaliza kidato cha nne, ajira hakuna, wazazi wake walihamia huku kutoka Shinyanga na ng'ombe wao wakafa kwa ugonjwa, na kwamba badala ya kushinda kijiwe cha bodaboda bila bodaboda, ameona ajitolee. Akaingia kwenye maharage akalima mpaka jua likawa kali. Nikamuuliza anataka nini. Akasema hataki kitu. Sasa wewe ni mtu mzima mwenzangu: kijana mwenye nguvu zake anakuja kulima bure kwa mzee mwenye binti, halafu anasema hataki kitu! Kwetu, tangu enzi za babu, kijana asiye na ng'ombe akitaka mke huanza na jembe. Binti yangu Deodata yupo, amefikia umri, na Mhoja ana macho. Sikuuliza tena.

2. Mke wangu Eufrazia alielewa kabla yangu. Siku Mhoja alipopanda kuziba paa letu linalovuja, tena mvua inanyesha, Eufrazia alianza kushika adabu ya mama mkwe. Kama hujui, ujue leo: mama mkwe haonani uso kwa uso na mkwewe wa kiume, wala hatamki jina lake; baba mkwe naye hivyo hivyo kwa mke wa mwanawe. Akisikia tu anakohoa njiani, mama wa watu anakimbilia migombani. Mhoja naye, kwa kuwa amelelewa, akiona mama mtu mzima anakimbia aligeuza uso asimwaibishe. Jamani, nyumba ilikuwa na heshima! Majirani walipita kwa makusudi waone.

3. Ndipo akaja binti wenu wa tathmini, Diana, na kishikwambi chake. Sina ugomvi naye, alinipa shikamoo safi nikaitikia. Lakini maswali yake! Alimuuliza Eufrazia jina la kijana anayetusaidia. Eufrazia akakataa kulitaja, na binti akaandika kwamba mnufaika hamfahamu kijana. Akamuuliza kama yeye na kijana wanaweza kukaa pamoja wakaongea. Eufrazia akasema Mungu apishie mbali, na hilo nalo likaandikwa. Mara Mhoja akatokea na mzigo wa kuni. Mke wangu akaruka kutoka kwenye kigoda, akatokomea migombani, na maswali yaliyobaki akayajibu kutoka huko huko kwa kupiga kelele. Binti akanivuta pembeni, akaniuliza kwa huruma kama kijana huyu huwa anampiga. Ampige nani? Mama mkwe wake? Nilitaka kusimama kwa hasira, mgongo ukakataa. Elewa basi: huku kwetu mama akikimbia, kijana amefaulu. Angekaa naye wakachekeana na kugongeana viganja, hapo ndipo mngeshtuka.

4. Mnasema mkimwondoa Mhoja mtaniletea kijana mwingine, mchangamfu, aitwaye Idefonsi. Na huyo akilima je? Nitakuwa na wakwe wawili na binti mmoja. Mkimtathmini naye mkamwondoa, mtaleta wa tatu. Jirani yangu Scolastica ameshaniuliza, mbele za watu, kama Deodata anaolewa kwa zamu. Na Eufrazia atawakimbia vijana wangapi, kwa magoti yale? Isitoshe ameshaagiza vitenge Kabanga, kwa sababu mwanamke akishaanza kumkimbia mkwe hawezi kwenda harusini na nguo za shambani.

5. Hapa utanisamehe, maana sasa nakugusa wewe mwenyewe. Aliyemleta Mhoja kwangu ni nani? Ni wewe. Nani alimsifia kwamba ana tabia njema? Wewe. Nani aliniomba nimpokee kama mtoto wangu? Wewe tena. Mtu wa namna hiyo kwa Kiswahili anaitwa mshenga. Na kwenye mkutano wa kijiji ulisimama ukasema mradi ndio baba na mama wa vijana hawa. Basi wewe ni mshenga, ni baba, na ni mama, na mpaka leo hujaja kukaa kwenye mkeka wangu ukasema neno. Unamwondoa kijana kabla posa haijatamkwa! Baba gani anafanya hivyo?

Kwa hiyo naomba alama za Mhoja zirekebishwe mara moja. Naomba tathmini zijazo ziulize mama wa nyumba anakimbia mpaka wapi. Naomba na wewe mwenyewe uje Jumapili baada ya misa, uvae koti, rubisi, pombe yetu ya ndizi, ipo.

Zaidi ya yote, Mhoja abaki. Usidhani ni kwa ajili ya paa na maharage tu. Akimaliza kazi huwa anakaa nami barazani ananisikiliza, hata hadithi ambayo nilishampa jana yake, na anacheka palepale panapochekesha. Wanangu wa kiume wako mbali na simu hawapigi. Nimempenda kijana huyu, Ndugu Mratibu, na mkimchukua nitaumia.

Nisalimie wote hapo ofisini, dereva, mlinzi, na binti Diana, mwambie sina kinyongo naye. Eufrazia anawasalimu kutoka migombani.

Ni mimi, mkwe mwenzako mtarajiwa,

Bonaventura

N.B. Nilikuwa nafunga bahasha Deodata akaniomba aisome barua. Amecheka mpaka amekaa chini. Anasema hakuna aliyemuuliza yeye, na kwamba Mhoja hajawahi kumtamkia neno la kuoana hata siku moja. Yale mazungumzo yao marefu kisimani, ambayo mimi na mama yake tulikuwa tunayapisha kwa adabu, kumbe Mhoja alikuwa anamweleza namna ya kujiunga na mradi. Ameomba, mmemkubali, na wiki ijayo mnampeleka huko huko Ngara, kata ya Bukiriro, akalime kwa mzee mmoja mgane aitwaye Protasi, ambaye ana kijana mkubwa hajaoa. Karatasi imeniishia, siwezi kuandika upya, kwa hiyo yote ya hapo juu yaache kama yalivyo na usiyafuate. Mwandikie huyo Protasi leo hii, na muhuri ugonge, kwamba kujitolea ni kujitolea, hakuna uchumba hapo, na kwamba binti wa watu akilima akasema hataki kitu, basi hataki kitu. Na mkisikia mzee huyo ameanza kumkimbia Deodata na kujificha migombani, tafadhali mtumeni Diana haraka na kishikwambi chake, ampe mwanangu alama za chini kabisa, arudi nyumbani.