Neno la Siri Bandani

Jumanne, 8 Julai
Nimeteuliwa msimamizi wa dharura wa banda letu la kufungashia mboga! Meneja, Bi Marietha, kanivalisha kizibao cha njano mbele ya wote. Kaonya: zoezi la kukimbia moto ni Ijumaa, nikiboronga nakivua. Shamsa wa mizani akapiga makofi. Kwa nini apige makofi? Anakitaka.

Jumatano, 9 Julai
Nimejaribu kimyakimya kabla ya siku yenyewe. Nikapiga ukelele: "Moto!" Waliokuwa nje wote wakakimbilia ndani, viganja mbele, wakiuliza jiko liko wapi. Baridi ya Lushoto hii! Mzee Athumani akishawasha mkaa asubuhi huita hivyohivyo, watu waje kuota. Lakini aliyefika wa kwanza ni Shamsa. Kawapanga.

Alhamisi, 10 Julai
Nimepata dawa: neno la siri. Nikilitamka, wote nje mbio. Nimechagua "karoti". Sijamwambia mtu. Nikimwambia mmoja tu, Shamsa atalijua kabla ya chai.

Ijumaa, 11 Julai
Asubuhi nikalificha jiko stoo, nyuma ya maboksi, lisinivurugie zoezi. Mzee Athumani akalalamika kwamba bado lina makaa. Nikamwambia shikamoo, usalama kwanza.
Meneja kasimama, saa mkononi. Mara moshi kutoka stoo. Moshi wa kweli! Nikapaza sauti: "Karoti! Karoti!" Rubeni wa kuosha karoti akaniletea tenga zima. Nikazidi kupiga kelele. Wakaleta mengine mawili, wakayapanga mbele yangu, wakauliza kama zinatosha. Nimezibiwa njia kwa karoti! Niliogopa, nakiri humu tu. Nililia, na si kwa moshi peke yake.
Shamsa akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba stoo inaungua, tutoke. Wakatoka wote. Yeye akaruka matenga, ndoo ya maji ya kuoshea karoti mkononi, akauzima moto. Kisha akanishika mkono, akaniambia, "Twende nje, kaka Timotheo."
Alijuaje kama ni stoo? Mimi sikuitaja.

Jumamosi, 12 Julai
Kizibao anacho Shamsa. Kinamkaa vizuri, ndicho kinachoniuma. Meneja kaniuliza nimejifunza nini. Nikamjibu, mengi sana.
Kosa lilikuwa neno. Karoti ni nyepesi, yeyote anabeba. Nimeshabadilisha: sasa ni "kabichi". Hiyo ni nzito, hakuna atakayejisumbua kuileta.
Sijamwambia mtu.