Kikosi cha Ubebaji

Kuanzia Jumatatu, alitangaza Mkurugenzi wa Idara ya Misaada ya Lazima, hakuna mwenye ulemavu atakayeruhusiwa kumaliza jambo lolote bila kusaidiwa. Makofi yakapigwa. Wafanyakazi wa idara walipiga kwa sababu alikuwa anawatazama, na waandishi wa habari walipiga kwa sababu soda zilikuwa bado hazijagawiwa.

Mkurugenzi alikuwa na moyo laini, jambo alilolieleza mwenyewe mara kwa mara. Huruma ilimjaa mpaka ikakosa pa kwenda, ndipo ikajengewa idara. Zamani watu walisaidiwa ovyo ovyo, wengine bila hata mpiga picha. Sasa kulikuwa na Mwongozo wa Ubebaji, alioutunga yeye, na Kikosi cha Ubebaji: wanaume wanne wenye vifua, vizibao vinavyong'aa na machela mpya. Walifanya mazoezi kwa kumshusha mhasibu kutoka orofa ya tatu kila asubuhi. Mhasibu hakuwa anaumwa chochote, ila alikuwa mwepesi.

Kilichokosekana ni mtu wa kubebwa. Kwa hiyo Gia alipoingia ofisini na shangazi yake, Mkurugenzi alihisi kwamba dua zake zimejibiwa.

Gia alikuwa msichana mwenye mtindio wa ubongo. Mkono wake wa kushoto umejikunja, mguu wa kushoto unaburuza, na maneno yake hutoka polepole lakini hutoka yote. Mchezo wake ni ule wa kuogelea, kupanda baiskeli na kukimbia, vyote kwa mfululizo, bila kukaa chini hata kidogo. Jina la Gia alipewa mtaani baada ya shangazi yake, fundi baiskeli, kumhamishia gia na breki zote kwenye mkono wa kulia.

"Karibuni," Mkurugenzi akamwambia shangazi. "Huyu anakunywa chai?"

"Si umuulize? Masikio anayo."

Mkurugenzi akatabasamu kwa huruma, akaagiza chai ya shangazi.

"Mheshimiwa," Gia akasema, "nimekuja kuomba nisisaidiwe."

Mkurugenzi akamgeukia shangazi. "Anasemaje?"

"Anaomba asisaidiwe."

"Jumamosi tunashindana," Gia akaendelea. "Wa kwanza ndiye atakayekwenda mashindano ya bara. Anayeruhusiwa kunishika ni shangazi tu, pale ninapotoka majini na kuchukua baiskeli. Mtu mwingine akinigusa njiani, natolewa. Nimeisubiri siku hii tangu niko shule ya msingi. Watu wako wakinibeba, nimekwisha."

"Maskini," Mkurugenzi akamwambia shangazi. "Wote husema hivyo." Akasimama kwa heshima, akasoma kifungu cha nne cha Mwongozo, kilichotundikwa ukutani ndani ya fremu. "Yeyote atakayeonekana akiyumba karibu na mwisho wa safari abebwe mara moja, na maelezo yake yasisikilizwe, maana mhitaji huona haya."

"Na kama hataki?" shangazi akauliza.

"Hapo ndipo anapohitaji zaidi."

"Basi mimi nitakimbia," Gia akasema.

"Binti yangu, asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Katibu muhtasi akatazama dari. Gia akautazama mguu wake wa kushoto, akaujongeza kidogo.

"Huu haujavunjika, mheshimiwa. Una msimamo wake tu."

Jumamosi Mkurugenzi alifika bwawani na suti ya kijivu, viatu vipya vya ngozi na mpiga picha. Kikosi alikipanga kwenye mstari wa kumalizia. Yeye mwenyewe aliamua kutoa msaada wa awali, yaani kumshika Gia mkono mbele ya kamera kisha amkabidhi kwa machela.

Gia alipotoka majini, Mkurugenzi alikuwa anamngoja na taulo. Shangazi akapita katikati yao na baiskeli, na taulo likamfuta mpiga picha. Gia akaondoka. Mkurugenzi akaita gari la idara, akakumbuka kwamba barabara imefungwa kwa magari yote, kwa amri yake, ili msaada upite bila bughudha.

Hakukata tamaa. Alisubiri sehemu ya kukimbia, na Gia alipotokea kwenye kona akiongoza, Mkurugenzi akaingia barabarani.

"Simama nikusaidie!"

"Usiniguse!"

Gia aligeuka mara moja tu, na usoni kwake kulikuwa na hofu ya kweli. Mkurugenzi aliitambua mara moja kuwa ni haya. Akaongeza mwendo. Watazamaji, ambao hawakujua suti inashindana kundi gani, wakamshangilia.

"Kaza, mzee! Kaza!"

Mama mmoja akammwagia maji kichwani. Kiatu kimoja kikabaki njiani. Mkono wake ulikuwa umebakiza kama upana wa karatasi kufika begani kwa Gia, kisha Gia akauma meno akachomoka, na Mkurugenzi akakanyaga shimo. Kifundo cha mguu kikasema kitu. Kuanzia hapo alikwenda kushoto, kulia, kushoto tena.

Kiongozi wa Kikosi aliwakagua wote wawili kwa macho ya kitaalamu. Binti alikuwa anaburuza, kweli, lakini kuburuza hakumo katika Mwongozo. Yule wa nyuma alikuwa anayumba.

"Mbebeni."

"Acheni! Mimi ni Mkurugenzi!"

"Ndiyo, baba. Tulia."

"Nasema mimi ndiye niliyewaajiri!"

"Anaona haya," kiongozi akawaeleza wenzake, wakamfunga mikanda.

Nyuma yao Gia alikuwa amevuka mstari akiwa wa kwanza, bila kuguswa na mtu, akilia na kucheka kwa pamoja, na shangazi yake sasa alikuwa na ruhusa ya kumkumbatia mpaka achoke. Mpiga picha hakuliona hilo. Alikuwa anapiga picha ya msaada ukimfikia mlengwa.

Idara ilipata sifa kubwa. Mkurugenzi akaandikishwa kuwa mnufaika wa kwanza, na hata kifundo kilipopona hakuweza kujiondoa, kwa kuwa kujiondoa kunahitaji maelezo. Alijaribu kukifuta kifungu cha nne, lakini mnufaika haruhusiwi kumaliza jambo bila kusaidiwa, na kiongozi wa Kikosi, anayemshika mkono wakati wa kusaini, alikuwa hajaona sababu ya kifungu hicho kufutwa. Mhasibu alipumzika sana.

Siku ya kuaga kabla ya safari ya mashindano ya bara, Gia na shangazi walikutana na machela kwenye ngazi za idara, inapanda. Tai ya Mkurugenzi ilikuwa inaning'inia pembeni. Katibu muhtasi alisimama mlangoni ameshika sinia yenye vikombe.

Gia akamsalimia kiongozi wa Kikosi kwa adabu.

"Samahani, kaka. Huyu anakunywa chai?"

Mkurugenzi akafumbua mdomo.

"Hatujui, dada," kiongozi akajibu. "Huwa hatumsikilizi."