Rangi ya Mzee Manowari

Maalim Abdulghafur, waliyemwita Gazeti kwa kuwa hapakuwa na habari iliyoingia Mji wa Kale bila kupitia kinywani mwake, alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kikoi, kisha akarudia kuwasomea wenzake wa barazani habari ya gazetini. Madaktari wa ng'ambo wanaonya kwamba rangi ya mafuta iliyotiwa madini ya risasi huwadhuru watoto. Mtoto akitafuna magamba yake huumwa na tumbo, hupauka, na akili yake huzorota.

"Vita vilikwisha mwaka jana," alisema Taha, ambaye ulimi wake ulimpa jina la Kiberiti. "Kumbe risasi zimebaki madirishani."

Jamaldin mshona viatu hakucheka. Kahawa ilimpolea mkononi. Binti yake Swabaha, wa miaka mitatu, alikuwa na wiki ya tatu akililia tumbo. Amepewa dawa ya mvuje, amenyweshwa kombe la aya, wapi. Na kila alipotafutwa alikutwa dirishani, akibandua rangi kwa kucha na kuitia kinywani.

Mwenye nyumba ile aliyopanga Jamaldin, Mzee Sheikhan, alikuwa papo hapo barazani, mgongo kauegemeza kwenye ukuta wa nyumba yenyewe, ndani ya koti lake jeusi la Ijumaa. Jina la Manowari hakulipata bure. Miaka minne alijisifu kwamba nyumba hiyo kaipaka rangi ya kijivu ya manowari kutoka Kilindini, tangu kuta hadi madirisha.

Mficha uchi hazai, Jamaldin alijiambia. Akakohoa.

"Mzee wangu, mwanangu yuwala rangi ya dirisha. Naomba ruhusa tuiondoe."

"Rangi gani?"

"Ile ya manowari."

"Na nani aliyesema ni ya manowari?"

"Wewe," alidakia Taha. "Ulituapia kuwa hata Mjapani akija na mizinga, nyumba hii itang'oa nanga iende zake."

"Yalikuwa mazungumzo ya baraza hayo. Ile ni chokaa, nimeitia masizi."

"Hata madirishani?"

"Hata madirishani."

Watu walitazamana. Chokaa haina mgeni Mji wa Kale: iegemee kidogo tu, utarudi kwako na mgongo kama wa mwashi. Taha aliweka kikombe chini taratibu.

"Mzee, hebu inuka, ugeuke."

"Mimi si ng'ombe wa mnada."

"Geuka tu, Sheikhan," alisema Maalim kwa upole. "Tangu alasiri umeuegemea ukuta huo."

Mzee aligeuka. Koti lilikuwa jeusi tititi, halina hata chembe ya chokaa.

"Chokaa ya ajabu," alisema Taha. "Yaona haya kumgusa mwenyewe."

"Njia ya mwongo fupi," Maalim alinong'ona, kama anayeisoma gazetini.

Mzee aliketi kwa kishindo. "Haya, kwangueni."

"Si kavukavu," alionya Maalim. "Vumbi lake nalo ni sumu. Ilowesheni maji kwanza, na wana wasiwepo mpaka nyumba ipanguswe kwa matambara ya maji."

"Nami sina pa kuwapeleka," alisema Jamaldin.

"Walete kwangu." Mzee alijinyoosha, akitafuta heshima yake ilipoangukia. "Nina vyumba vitatu vitupu. Swabaha atacheza na mjukuu wangu Alawiya. Huenda akamchangamsha, maana siku hizi kapauka, ashinda kulia tum..."

Neno halikumalizika.

"Mzee," aliuliza Taha, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake haikuwa na mzaha, "madebe ya rangi yaliyobaki uliyapeleka wapi?"

Mzee Sheikhan aliiacha kahawa, akaiacha na bakora, akashika njia ya kwake kwa mwendo ambao hakuna manowari iliyowahi kuufikia.

Jamaldin aliiokota bakora amfuate nayo. Ila kwanza aliingia ndani, kumwondoa Swabaha dirishani.